Shangazi, bandari imefungwa na rafiki yangu anataka tuvuke kwa siri

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Siargao, kisiwa cha mashariki mwa Ufilipino. Mbele yetu ni Bahari ya Pasifiki tu. Niko na rafiki yangu niliyesoma naye tangu tukiwa wadogo. Tulidunduliza kwa muda mrefu ili tufanye safari hii: kila mtu na shanta lake mgongoni, tulale hosteli za vitanda vya ghorofa, tuzunguke Asia ya Kusini-Mashariki bila kampuni ya utalii wala mtu wa kutuongoza.

Mpango ulikuwa tutoke hapa kwa ndege hadi Cebu, halafu Cebu tupande ndege nyingine kwenda Vietnam. Huko tungeanzia Hoi An na Hue, katikati ya nchi, kisha tupande taratibu hadi Hanoi na Ghuba ya Ha Long. Tiketi zote tumeshalipia, nyingi ni zile za bei ya chini wanazosema hazirudishiwi pesa. Hosteli ya Hoi An nayo tumelipia. Tulichagua Novemba kwa sababu ndipo sote wawili tulipopata nafasi.

Jana jioni mwenye hosteli alitukusanya wageni wote, akatuambia kuna kimbunga kinakuja kutoka baharini na huenda kikapita hapa au jirani na hapa kesho usiku. Leo asubuhi tukaamka na ujumbe kwamba ndege yetu imefutwa. Tulikimbilia bandari ya Dapa na mizigo yote ili tupande feri ya Surigao, mji wa ng'ambo kwenye kisiwa kikubwa cha Mindanao. Tukakuta geti limefungwa, tangazo limebandikwa, watu wamekaa chini na maboksi yao. Askari wa Walinzi wa Pwani akatuambia ishara namba 1 imeshatolewa, hakuna chombo kinachotoka mpaka ruhusa itakaporudi.

Tukiwa palepale, kijana mmoja akamvuta rafiki yangu pembeni. Anasema mjomba wake ana bangka, zile boti zao zenye miguu ya mianzi pande mbili kama ngalawa, na atatuchukua kesho alfajiri. Hatutapitia bandarini, tutatokea upande wa mikoko. Anataka malipo makubwa kuliko nauli ya feri, tena nusu atangulizwe. Rafiki yangu ameshakubali kwa mdomo. Hoja yake ni kwamba kimbunga ni cha kesho usiku, na sisi kufikia saa sita mchana tutakuwa tumeshafika Surigao tunatafuta basi. Na kweli Shangazi, hapa jua linawaka, upepo ni uleule wa siku zote. Wanaoteleza kwenye mawimbi wamejaa baharini, wanasema mawimbi ya leo ni mazuri kuliko ya wiki nzima.

Mimi roho inakataa. Nilipomwambia, akasema mimi ndiye niliyeng'ang'ania tuje Siargao kwanza, na sasa nataka tupoteze na Vietnam. Tumetupiana maneno mbele za wageni wengine mpaka nikaona haya. Tangu hapo hatusemeshani.

Kuna na mengine. Mimi nilikata bima kabla ya kuondoka. Yeye hakukata, anasema atakata leo usiku kwa simu. Je, itamsaidia? Pesa zetu za tiketi ndiyo basi tena? Viza zetu za Vietnam zina tarehe, zitakuwaje? Na mama yangu hajui chochote. Sijui nimwambie sasa au nisubiri mpaka yapite.

Mwanao niliyekwama, Siargao

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako imenifikia mchana huu na nilikujibu palepale kwa mstari mmoja: msipande boti hiyo. Nimeshukuru kuona umemwonyesha na mwenzako. Ninayoandika sasa ni sababu zake, pamoja na yale ya kufanya kati ya saa hii na kesho usiku. Soma yote, kisha mpe simu asome mwenyewe. Mtu aliyenuna hawezi kusikia jambo zuri likitoka kinywani mwa yule aliyegombana naye.

Tuanze na hilo jua, maana ndilo linalomdanganya mwenzako. Shirika la hali ya hewa la Ufilipino, PAGASA, lina ishara tano za upepo wa vimbunga. Namba 1 maana yake ni kwamba upepo wa kilomita 39 hadi 61 kwa saa unatarajiwa ndani ya saa 36. Namba 2 ni kilomita 62 hadi 88, ndani ya saa 24. Namba 3 ni 89 hadi 117, ndani ya saa 18. Namba 4 inaanzia kilomita 118 na namba 5 inaanzia 185, na hizo mbili hutolewa saa 12 kabla. Angalia hayo masaa. Ishara ya kwanza hutolewa wakati mbingu bado ni safi, na hutolewa hivyo makusudi, ili watu wapate muda wa kufunga mapaa, kupandisha boti nchi kavu na kuhamisha wazee. Mkiona namba 1 chini ya jua kali, msidhani watabiri wamekosea au Walinzi wa Pwani wanaogopa kivuli. Jua hilo ndilo muda mliopewa. Na ishara hupanda: leo namba 1, kesho asubuhi mnaweza kuamkia namba 3, bila nyinyi kuona tofauti kubwa angani usiku mzima.

Hayo mawimbi mazuri nayo yana asili yake. Kimbunga kikiwa bado mbali baharini husukuma mawimbi marefu mbele yake, na mawimbi hayo hufika pwani kabla ya upepo wenyewe. Yakifika kwenye miamba ya Siargao yanajikunja vizuri, wateleza mawimbi wanafurahi. Lakini bangka nyembamba ikitoka kwenye kinga ya mikoko na kukutana nayo ubavuni, huku mkondo kati ya visiwa unavuta upande mwingine, hakuna uhodari wa nahodha utakaotosha. Mguu mmoja wa mianzi ukivunjika, boti ile haina tena kinachoishika isipinduke.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani mwenzako hajalifikiria kabisa. Feri halali ikitoka Dapa, majina ya abiria wote huandikwa, na orodha hubaki kwa Walinzi wa Pwani. Feri isipofika, watu wanajua ni akina nani wa kutafutwa, wangapi, na njia gani. Ninyi mtakaotokea kwenye mikoko gizani hamtakuwa kwenye orodha yoyote. Boti ikizama saa mbili asubuhi, mwenye hosteli atadhani mmefika Surigao, Surigao hakuna anayewasubiri, na siku ya pili kisiwa kizima kitakuwa kinahangaika na mapaa yake. Hakuna atakayejua kwamba kuna watu wa kutafutwa. Hilo ndilo linalonitisha zaidi katika barua yako, kuliko hata upepo.

Tena Wafilipino hawafungi bandari kwa mchezo. Juni 2008 meli kubwa ya abiria, Princess of the Stars, iliondoka Manila kuelekea Cebu wakati kimbunga Fengshen, wenyewe walikiita Frank, kikiwa visiwani. Ilipinduka karibu na kisiwa cha Sibuyan na watu zaidi ya 800 wakapotea. Ilikuwa meli ya chuma, ya ghorofa kadhaa. Mjomba wa yule kijana ana mbao na mianzi.

Basi mnabaki kisiwani. Swali linalofuata ni mnabaki wapi. Hukunieleza hosteli yenu iko sehemu gani, ila kama iko mjini General Luna karibu na ufuko, kama zilivyo nyingi, na hasa kama ni vibanda vya mbao vilivyoezekwa makuti, msilale hapo kesho. Upepo huezua, lakini muuaji mkubwa pwani ni maji. Kimbunga kikali huinua bahari na kuisukuma nchi kavu. Novemba 8, 2013, kimbunga Haiyan, ambacho Ufilipino walikipa jina la Yolanda, kilileta maji ya namna hiyo mjini Tacloban, na katika nchi nzima waliokufa walizidi 6,000. Wengine walikuwa ndani ya majengo yaliyotengwa kuwa kimbilio, kwa sababu majengo yenyewe yalikuwa chini, karibu na bahari.

Kwa hiyo leo hii kabla jua halijazama nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, wenyewe huita barangay, muulize maswali mawili: kimbilio letu ni jengo gani, na liko juu kiasi gani kutoka baharini? Mnatafuta jengo la zege, lenye paa la zege ikiwezekana, mbali na ufuko, mbali na mto, na lisilokuwa chini ya mteremko wa udongo. Ikiwa ni shule, sawa. Kuna wageni huona aibu kwenda kujibanza na wenyeji, wakidhani wanawanyima nafasi. Nendeni mapema, bebeni chakula chenu na maji yenu, wapisheni wazee na watoto sehemu nzuri za kulala, hamtakuwa mzigo kwa mtu. Mzigo ni yule anayetafutwa usiku wa manane na mtu mwenye tochi.

Chajini simu na betri za akiba sasa hivi, umeme ukiwapo. Jazeni kila chombo maji ya kunywa. Toeni pesa taslimu za kutosha leo, msisubiri kesho, kwa sababu foleni za ATM ndizo zinazoanza kurefuka. Pasipoti, kadi za benki na karatasi ya bima vifungeni kwenye mfuko wa plastiki mkae navyo mwilini, visiwe ndani ya shanta. Laleni na viatu vya kufunga karibu na miguu. Na tafadhali pigeni picha kurasa za pasipoti mtume nyumbani.

Jambo moja la usiku wenyewe. Ikiwa kitovu cha kimbunga kitapita juu yenu, upepo utakata ghafla. Kutakuwa kimya, pengine mtaona nyota. Msitoke. Hiyo ni nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili huja kwa upepo wa upande wa pili, na vile vilivyolegezwa na ule wa kwanza, mabati, matawi, nguzo, ndivyo unavyoviangusha. Kaeni ndani mpaka uongozi wa pale ulipo useme kumekwisha.

Baada ya hapo ndipo subira itakapojaribiwa kweli. Desemba 16, 2021, kimbunga Rai, Odette kwa jina la huko, kilianzia kutua Siargao hapohapo mlipo, kisha kikapita Leyte, Bohol, Cebu, Negros hadi Palawan. Umeme na mtandao vilikatika kwa wiki kadhaa sehemu nyingi. Bila umeme hakuna ATM, hakuna kulipa kwa kadi, vituo vya mafuta vina foleni, maji ya bomba hayatoki. Hicho chenu huenda kikawa kidogo, huenda hata kikapinda na kuwaacha. Lakini jipangeni kama watu watakaokaa siku kadhaa bila mawasiliano. Msitembee kwenye maji ya mafuriko bila buti: yana misumari, yana nyaya, na mkojo wa panya ulio ndani yake hupitia kwenye mchubuko mdogo tu ukakupa ugonjwa wa kulazwa. Feri ya kwanza ikifunguliwa itakuwa na wagonjwa na wenye watoto. Wapisheni hao, mpande ya pili.

Sasa pesa, kwa sababu najua ndizo zinazomchoma mwenzako, na simlaumu. Kudunduliza si kazi ndogo.

Ndege iliyofutwa si pesa iliyokufa. Hata tiketi ya bei ya chini kabisa, ikiandikwa kwamba hairudishiwi pesa, maneno hayo yanakuhusu wewe unapoghairi mwenyewe. Shirika likifuta safari ni habari nyingine. Kanuni za haki za abiria wa ndege za Ufilipino, za mwaka 2012, zinampa abiria haki ya kurudishiwa nauli yake hata pale safari inapofutwa kwa sababu ya hali ya hewa. Msichotarajia ni fidia juu ya nauli, wala shirika kuwalipia hoteli, kwa sababu kimbunga si kosa lao. Msikubali kwa haraka vocha mnayotumiwa kwenye simu kabla hamjajua kama mnataka pesa au safari nyingine. Hifadhini ule ujumbe wa kufutwa, na kesho mkipita bandarini pigeni picha lile tangazo la getini, tarehe ionekane.

Tatizo lenu kubwa liko kwenye ndege ya pili, ile ya Cebu kwenda Vietnam. Kama mlinunua kila tiketi peke yake, shirika la pili halijui wala halijali kwamba mmekwama Siargao. Kwao ndege itaruka, na nyinyi mtahesabiwa kuwa hamkutokea. Wapigieni au waandikieni leo, kabla ya saa ya kuondoka, muombe kubadilisha tarehe kwa sababu ya kimbunga. Mara nyingi mashirika hulegeza masharti kwa miji iliyotajwa kwenye tahadhari, lakini humsaidia aliyeomba mapema. Aliyekosa ndege kimyakimya hupoteza, na kama tiketi ni ya kwenda na kurudi, ile ya kurudi nayo hufutwa mara nyingi.

Bima yako wewe, fungua karatasi yake leo usome sehemu ya ucheleweshaji wa safari. Nyingi huanza kulipa baada ya idadi fulani ya saa, na hutaka risiti. Kila kitanda cha ziada, kila mlo, kila teksi, omba risiti hata ya mkono. Waandikie kwamba umekwama, wape tarehe, waulize wanakubali gharama gani kabla hujazitumia. Mwenzako akikata bima leo usiku, kimbunga hiki hakitamhusu. Makampuni huhesabu tukio lililokwisha kujulikana kabla ya kukatwa bima kuwa nje ya mkataba. Lakini akate tu. Safari bado ndefu, na mguu unaweza kuvunjika Hanoi kama unavyovunjika Siargao. Na mwambie hili pia: hata wewe mwenye bima, ukipanda boti iliyotoka kinyume cha amri ya serikali, umeipa kampuni sababu nzuri ya kukataa kulipa chochote, hata matibabu.

Kuhusu viza. Viza ya mtandaoni ya Vietnam ina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mkichelewa kuingia, haiongezeki mwishoni, siku mlizochelewa zimeliwa. Hesabuni upya siku zilizobaki, na kama hazitoshi ombeni nyingine mkiwa bado Ufilipino. Upande wa Ufilipino wenyewe, kama mliingia kwa ile ruhusa ya siku 30 bila viza, Uhamiaji huweza kuwaongezea siku 29, ila ombeni kabla zile za kwanza hazijaisha.

Hapo kwenye Vietnam nataka nikae kidogo, kwa sababu naona mnagombania kitu ambacho pengine hakipo. Vimbunga vingi vinavyovuka Ufilipino haviishii hapo. Huingia bahari iliyo magharibi yake, hujikusanya upya juu ya maji ya moto, kisha huelekea Vietnam au kusini mwa China. Haiyan kilipotoka Tacloban Novemba 8 kilifika kaskazini mwa Vietnam ndani ya siku tatu. Septemba 2, 2024, dhoruba iliyoitwa Enteng ilipita kisiwa cha Luzon ikiwa na mvua nyingi na upepo wa kawaida. Septemba 6 ilipiga kisiwa cha Hainan, China, na Septemba 7 ikaingia Vietnam karibu na Ha Long ikiwa kimbunga kikali mno. Wavietnamu wakakiita kimbunga namba 3, yaani cha tatu kwa hesabu yao ya mwaka ule. Dunia nzima ilikijua kwa jina la Yagi. Upepo ulikwisha kwa siku moja, lakini mvua iliendelea milimani, na Septemba 10 kijiji cha Lang Nu, mkoa wa Lao Cai, kikafunikwa na maji na tope.

Kwa hiyo mwenzako anapokimbia kwenda Cebu ili awahi Vietnam, huenda anakimbia kwenye njia ileile ya kimbunga, mbele yake kidogo tu. Ukifuatilia taarifa, tafuta hiki chenu kwa majina yake yote, la PAGASA na la kimataifa, la sivyo utasoma habari za Vietnam ukadhani ni dhoruba nyingine.

Tena hata bila kimbunga hiki, Hoi An na Hue mwezi wa Novemba ni kubahatisha. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mvua kubwa katikati ya Vietnam, na mto Thu Bon huingia mitaa ya kale ya Hoi An karibu kila mwaka. Oktoba 2020 mafuriko yalifuatana pale, moja halijakauka jingine limefika. Mimi ningegeuza safari. Mkitoka Ufilipino nendeni Hanoi moja kwa moja, kama kimbunga hakikuelekea huko. Novemba kaskazini huwa na ubaridi na ukavu kiasi, Ha Long na milima ya Ha Giang hupendeza. Mshuke kusini polepole, mfike Hue na Hoi An Desemba ikiwa imeendelea, au mzipite kwa treni mwende Ho Chi Minh, ambako kiangazi kitakuwa kimeanza. Hosteli ya Hoi An iandikieni leo muombe kusogeza tarehe. Hosteli za maeneo ya mafuriko zimezoea maombi hayo.

Kaa naye chini jioni hii umwonyeshe ramani hiyo, umwambie bado Vietnam ipo, tena nzuri zaidi kwa mpango huu. Nadhani hasira yake kubwa ni kuona safari inamponyoka mkononi na wewe umekaa tu. Mpe kazi: yeye apigie shirika la pili, wewe uandikie hosteli na bima. Ulitaka muanzie Siargao, ndiyo, na hilo halikuita kimbunga. Usijitetee kwa hilo wala usimrudishie maneno. Kila kingine mnaweza kujadiliana, nani alipe nini, mji upi uachwe, hata kila mtu kwenda kivyake wiki moja mkikutana Hanoi. Boti tu haina mjadala.

Akisema anakwenda hata peke yake, usimfuate, na usikae kimya kwa kuogopa kuvunja urafiki. Nenda kwa mwenye hosteli usiku huohuo, mweleze, yeye anamjua mwenyekiti wa mtaa na askari wa bandarini. Boti itazuiwa ufukoni kabla haijawashwa. Atakukasirikia sana, na ataikasirikia Surigao ambayo hakuiona, lakini atakuwa hai kukasirika. Hayo malipo ya kutanguliza nayo asiyatoe usiku huu. Kama ameshayatoa, ayasahau.

Mwisho ni mama. Usisubiri yapite. Wazazi hupata habari kwa majirani kabla ya kupata kwa watoto wao, na mtandao ukikatika kesho hutakuwa na nafasi ya kumweleza. Mpigie leo, sauti yako aisikie. Mwambie jina la kisiwa, jina la mji, jina la jengo mtakalolala na namba ya mwenye hosteli. Mwambie wazi kwamba mnaweza kukaa siku kadhaa bila kusikika kwa sababu ya umeme, na kwamba kimya hicho peke yake si habari mbaya. Mpe namba ya ubalozi wenu unaohusika na Ufilipino, nanyi jiandikisheni nao leo kwa barua pepe mkitaja mlipo. Kisha mkubaliane naye kwamba simu ikirudi, ujumbe wa kwanza utakwenda kwake, hata ukiwa wa maneno mawili. Mwenzako naye apige kwao. Fanyeni hivyo kabla ya kwenda barangay, simu zikiwa bado zina chaji.

Shangazi